Kijiko cha saa saba mchana

Mama huyu analijua somo letu kuliko baadhi yetu tunaolifundisha. Nilipomuuliza anamlishaje mwanawe, alinijibu kama anayesoma kitu kilichobandikwa ukutani: ziwa ndani ya saa moja baada ya kujifungua, ziwa tupu bila hata tone la maji mpaka miezi 6, kisha chakula laini cha aina mbalimbali, na ziwa liendelee mpaka mtoto atimize miaka 2 au apite hapo. Hakukosea neno. Na mtoto aliyekuwa mapajani mwake, mvulana wa miezi 10, alikuwa na kilo 7.7. Miezi miwili nyuma alikuwa na kilo 7.9.

Nawaandikia wenzangu wa lishe, wauguzi na VHT, yaani wahudumu wa afya wa kijiji, hasa sisi tunaofanya kazi hii kwa Kiswahili kwenye vijiji ambako kila nyumba ina lugha yake. Mambo yanayoweza kuitambulisha familia nimeyaondoa.

Mahali penyewe ni makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, wilaya ya Kikuube, kwenye nyanda za juu zinazotazama Ziwa Albert. Ng'ambo ya ziwa ni Ituri, mashariki mwa Kongo. Mapema mwaka 2018 watu kwa maelfu walivuka kwa mitumbwi wakikimbia mauaji, wengi wakashukia mwalo wa Sebagoro, na mama huyu alikuwa mmoja wao, binti yake wa kwanza akiwa mgongoni. Sasa binti ana miaka 9. Wa pili ni mvulana wa miaka 5, na wa tatu ndiye huyu wa kisa chetu. Baba yuko mwaloni, anavua usiku kwa taa, na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili hivi, mara na fedha, mara na kifuko cha muziri wakavu, wale visamaki vidogo vya ziwani, mara mikono mitupu. Mama ana kipande chake kidogo cha mahindi na maharage ambacho hakifiki mavuno mengine, kwa hiyo anafanya leja leja: anapalilia mashamba ya watu kwa malipo ya siku. Mgao wa chakula wa wakimbizi hapa Uganda ulianza kupunguzwa mwaka 2020, na kuanzia 2023 familia zikapangwa kwa makundi ya uhitaji. Nyumba yenye baba na mama wenye nguvu zao haihesabiwi miongoni mwa wahitaji zaidi. Hii ni mojawapo.

Kadi ya mtoto ilikuwa safi, imetunzwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alizaliwa Desemba na kilo 3.1. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, alipewa, chanjo zote amepata kwa wakati. Mwezi wa sita alikuwa na kilo 7.6, na mstari wake ulikuwa ukipanda bila wasiwasi. Agosti, kilo 7.9. Halafu mstari ukalala, na Oktoba ukainama. Tepe ya kupimia mzunguko wa mkono ilisoma sentimita 12.1, yaani njano. Nyekundu huanza chini ya 11.5 na kijani ni 12.5 kwenda juu. Urefu ulikuwa sentimita 69. Kwa chati hajaitwa mdumavu, ila alikuwa amebakiza milimita chache.

Sasa angalieni kitu kilichonitia aibu. Chini ya kadi, kwenye nafasi ya maelezo, neno "ameshauriwa" lilikuwa limeandikwa mara mbili, kwa kalamu mbili tofauti. Mwandiko wa mara ya pili ni wangu.

Huyu si mtoto wa ajabu nchini mwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta watoto wawili kati ya watatu walio chini ya miezi 6 wananyonya ziwa tupu, jambo la kujivunia. Utafiti huo huo ulipowatazama wa miezi 6 hadi 23, waliokuwa wakilishwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika, kwa aina za chakula na kwa idadi ya milo, walikuwa asilimia 14 tu. Udumavu ulikuwa asilimia 29 kwa nchi nzima, na kwa majirani zetu wa Tooro, penye matoke, maziwa na mvua mara mbili kwa mwaka, ulikuwa kama asilimia 41. Somo la ziwa limeingia. Panapovuja ni pale kijiko kinapoanza, na nadhani ni kwa sababu ziwa lina mtu mmoja tu wa kulitoa, na mtu huyo ndiye tunayekaa naye kwenye benchi la kliniki. Kijiko kinaweza kushikwa na yeyote.

Aliyenifungua macho si kitabu. Ni VHT wa kijiji kile, mzee mmoja kutoka Bunia mwenye baiskeli isiyo na breki. Aliniambia, kwa jina tunaloitwa sote wa afya hapa, "Musawo, huyo mama mchana hayupo. Unayemsomesha siye anayelisha."

Nilikwenda siku ya Jumanne, bila taarifa, nikafika saa saba kasoro. Mama alikuwa shambani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Uani alikuwepo binti wa miaka 9, mdogo wake amefungwa mgongoni kwa kitenge, wa miaka 5 anachezea mzinga wa nyuki uliokufa. Binti alinisalimia kwa adabu, akanitolea kiti. Nilimwambia nimekuja kumwona mtoto anavyokula, aendelee kama siku zote. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya yale niliyoyapata kwenye semina zote za mwaka ule.

Uji ulipikwa na mama alfajiri, kabla hajaondoka. Sufuria ilikaa kando ya mafiga, imefunikwa kwa sahani. Kufikia saa saba uji umepoa na umejishika, kwa hiyo binti akautia maji ili ulegee. Kisha akauchuja kwa kichujio cha chai. Nilimuuliza kwa nini anauchuja. "Ukiwa na mabonge anakohoa. Anakohoaka mpaka naogopa." Akaumimina kwenye kikombe cha plastiki, wala kijiko hakikuwapo, akamwinua mtoto kichwa na kumnywesha. Dakika nne, kikombe kitupu. Mtoto tumbo ngoma, matako yamelegea.

Kabla hajamnywesha alionja. Sawa, kila mlezi huonja. Halafu akaonja tena. Mara ya tatu haikuwa kuonja. Nilitazama pembeni, nikajifanya naandika. Baadaye nikamuuliza yeye amekula nini leo. "Nitakula mama akirudi."

Nitalirudia hilo. Kwanza tufanye hesabu, maana uji huu ukiuona tu hutajua ubaya wake.

Jioni mama aliponionyesha, unga ulikuwa vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa, kama gramu 50, kwa lita nzima ya maji, na kijiko kimoja cha sukari. Unga huo una kilokalori 180 hivi, sukari kama 60. Lita nzima, basi, ina 240. Mtoto alikuwa akinywa kikombe cha mililita 200 saa nne na kingine saa saba. Jumla haifiki 100, na hapo sijahesabu maji aliyoongeza binti wala alichoonja. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya kama kawaida anahitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na ziwa. Na tumbo lake halina nafasi ya kufidia kwa wingi: kwa makisio, hubeba mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo huyu wa kilo 7.7 anashiba akifika kama mililita 230. Ukimjaza maji, umemjaza. Ndiyo maana mama alikuwa akisema kwa moyo mweupe kabisa, "Musawo, anakunywaka vizuri, anamaliza." Ni kweli, alikuwa anamaliza.

Uji uliolala kwa muda wa saa saba hivi kando ya jivu la moto, kisha ukatiwa maji ya dumu, nao una mambo yake. Mtoto alikuwa ameharisha mara tatu tangu Agosti.

Jioni nilibaki mpaka wakala. Ugali, na mchuzi wa muziri wenye nyanya na kitunguu. Harufu yake ilinifanya nisahau kilichonipeleka. Mtoto alipewa vitonge vya ugali vilivyochovywa kwenye mchuzi. Samaki hakupewa hata mmoja. Mama alikuwa na sababu mbili, zote za mtu mwenye akili: miiba, na imani kwamba nguvu ya samaki imeshaingia kwenye mchuzi. Miiba nilimwelewa. Lakini mchuzi ni maji yenye chumvi na ladha. Protini na madini ya chuma yamebaki kwenye samaki mwenyewe, na kwa kisamaki kidogo kinacholiwa kizima, mifupa ndiyo yenye chokaa. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoichukua kwa mama yake, na akiba hiyo huanza kuisha karibu na miezi 6, wakati ambao ziwa, pamoja na uzuri wake wote, lina chuma kidogo mno kuziba pengo. Juu ya ugali huo mtoto aliteremshiwa chai ya rangi, ambayo huzuia hata hicho kidogo kisifyonzwe. Chai tuliiondoa siku ile ile, bila ubishi. Kuiacha chai hakugharimu kitu.

Upande wa ziwa nao ulikuwa na jambo ambalo kliniki lisingetoka. Mpaka Agosti mama alikuwa akienda naye shambani, anamlaza chini ya mti, ananyonyesha katikati ya matuta. Mwenye shamba mpya akakataa watoto: anayenyonyesha hamalizi kipande chake. Basi mtoto akabaki. Mama hurudi saa tisa akiwa ameungua na jua, matiti yamejaa, na hapo hapo hamnyonyeshi. Maziwa yaliyopigwa jua, aliniambia, yanamharisha mtoto. Hukamua ya kwanza na kuyamwaga chini, kisha huoga, hupika, na giza likiingia ndipo mtoto hupewa ziwa. Kutoka alfajiri hadi usiku, mtoto hanyonyi. Na titi linalokaa limejaa kwa saa nyingi kila siku mwili hulipunguzia kazi. Ndivyo lilivyoumbwa, linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Mama alikuwa tayari ameanza kusema maziwa yake yamekwisha nguvu.

Sasa, mwenzangu mmoja nilipomsimulia alisema tatizo ni uzembe wa wazazi. Nilimjibu vibaya na sijutii. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja kupika uji kabla ya kwenda kuinama kwa muda wa saa tisa kwenye shamba la mtu si mzembe. Mwingine akasema ni umaskini tu, apewe fedha, mengine yatajipanga. Huyu yuko karibu na ukweli zaidi, ila muziri walikuwemo ndani ya nyumba. Karanga zilikuwepo debe nusu, zimehifadhiwa mbegu. Kilichokosekana saa saba mchana ni mtu mzima.

Niliporudi safari ya pili alikuwepo bibi wa nyumba jirani, mjane anayepika pombe ya mahindi. Nilikuwa nimekuja na mpango wangu mzuri: uji mzito, wa unga mara mbili, uliotiwa karanga za kusaga, uwekwe ndani ya chupa ya chai ili ubaki wa moto mpaka mchana, pasiwe na uji wa kulala wala maji ya dumu. Tukapika, tukamimina. Uji ukaziba shingo ya chupa kama udongo. Binti alijitahidi kuutikisa, hautoki. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kisha akaingia kwake akatoka na kibakuli cha kimea.

Nilijua kimea kinavyofanya kazi, nimekisoma, ila sikufikiria kwamba kwenye nyumba ya mpika pombe kipo kila siku ya Mungu. Nafaka ikichipua hutoa kimeng'enya kinachokata wanga. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kwenye uji mzito wa moto, koroga, subiri kidogo, uji unalegea bila kutiwa maji. Kisha unaurudisha jikoni uchemke tena. Unatiririka, mtoto hakohoi, na chakula kilichomo ni kile kile. Bibi alikuwa akikitumia kwa pombe miaka 40. "Kumbe nalewesha watoto," akasema, na nikalazimika kueleza kwamba bila chachu na bila siku za kungoja hakuna pombe hapo.

Uji tuliokubaliana hatimaye ulikuwa hivi: unga gramu 100 hivi kwa robo tatu ya lita na zaidi kidogo, vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, kijiko cha muziri waliokaushwa tena juani wakasagwa kwenye jiwe mpaka miiba ikapotea, na kimea cha bibi. Kikombe kimoja cha huo kina kilokalori zaidi ya 120. Kinazidi vikombe viwili vya ule wa zamani. Karanga niliwaomba wazichambue moja moja, zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Jioni, kabla ya kutia pilipili na chumvi kwenye sufuria ya wote, inatolewa sehemu ya mtoto: maharage yaliyopondwa au muziri uliosagwa, na mchicha wa dodo uliokatwa laini. Hakipikwi chungu cha pili.

Kwenye hili la chungu kimoja sikukubaliana na kitabu changu. Sisi Uganda tuna kitobero, na tuna haki ya kujivunia. Kilitoka kwenye kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala, kilichoanzishwa miaka ya 1960 ili mama wa mtoto mwenye utapiamlo aondoke hospitalini akijua kupika: chakula kikuu, vyakula viwili vya protini, kwa mfano maharage na karanga au samaki, pamoja na mboga za majani, vyote vikafungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Ni chakula kamili. Lakini kinataka mgomba, na moto wa saa mbili. Kyangwali kuni zinafuatwa mbali, na anayetumwa kuzifuata ni binti yule yule. Kila saa ya moto tunayomwongezea mama, mtoto mwingine anailipa kwa miguu. Kwa hiyo wazo la kitobero nililichukua, jani na mvuke nikaviacha. Mlo wenye wanga, maharage, karanga na dodo ni kitobero hata kama haukufungwa.

Kuhusu maziwa ya jua sikushinda kwa hoja. Nilieleza kwamba maziwa yanatengenezwa ndani, joto la mwili ni lile lile, jua halipiti ngozi likayachemsha. Mama alitikisa kichwa kwa heshima ya mgeni. Aliyemaliza mjadala ni bibi. Alisema kwao mwanamke akitoka shambani anakunywa maji kikombe kizima, ananawa kifua, anakaa kivulini mpaka jasho likauke, basi, ziwa limepoa. Dakika kumi. Hakuna kumwaga. Ningeweza kusema kwamba hata hayo kumi hayana sababu, lakini mama aliyekaa kivulini na kunywa maji amepata kitu ambacho somo langu halikumpa, na mtoto ananyonya saa tisa badala ya saa moja usiku. Tukaongeza ziwa la kabla hajaondoka alfajiri, na la usiku bila kuhesabu, kwani usiku ndio mwili hutoa kwa wingi homoni ya kutengeneza maziwa.

Mayai tuliyaacha. Bibi alishikilia kwamba yai linamchelewesha mtoto kusema. Mayai yenyewe yalikuwa matatu, kuku ameyalalia. Sikuona faida ya kupigania mayai matatu.

Likabaki lile la binti. Nililifikiria njia nzima kurudi. Kama ningemwambia mama kwamba binti anakunywa uji wa mdogo wake, ningekuwa nimesema kweli na nimeharibu. Mtoto wa miaka 9, tangu asubuhi hajala, amefungwa mdogo wake mgongoni, ameshika kikombe cha uji wenye sukari: ni mtu mzima gani angekinywesha chote? Nikamwambia mama kitu kingine, ambacho pia ni kweli, kwamba mlezi mwenye njaa hana subira ya kulisha kwa kijiko. Sufuria ipikwe ya watatu. Binti ale kwanza, kisha ndipo ampe mdogo. Mama alinyamaza muda mrefu, nadhani alielewa yote. Akasema tu, "Unga utaisha mapema." Uliisha mapema, kweli. Walikula nusu ya karanga za mbegu. Hilo ni deni ambalo mimi nililipanga na wao walililipa msimu wa kupanda, na sipendi kulificha nyuma ya uzito wa mtoto.

Na kijiko kikanunuliwa. Binti alifundishwa na bibi, si na mimi: mtoto akae wima, umtazame, umngoje ameze, akigeuza uso usimbane, jaribu tena baadaye. Uji unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika ndio uji. Mlo ulichukua dakika ishirini badala ya nne. Tuliongeza wa tatu na wa nne mama akishakuwa nyumbani, hata kama ni parachichi au ndizi mbivu iliyopondwa.

Baada ya wiki mbili, kilo 7.9. Wote tukafurahi. Novemba akapata malaria, na kuhara kukafuatia, akarudi 7.8, na mama akaja kliniki amekata tamaa, akitaka kujua karanga zimefanya nini. Hazikufanya kitu. Alipewa dawa ya malaria, maji ya chumvichumvi, na vidonge vya zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, na agizo la kumpa mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili baada ya kupona, wakati ambao mtoto hula kama mwenye kulipiza kisasi. Bila hizo wiki mbili, mstari wa kadi hubaki palepale homa ilipouangusha, na homa inayofuata inaukuta hapo.

Desemba, siku chache baada ya kutimiza mwaka, kilo 8.4. Tepe sentimita 12.6, kijani. Urefu sentimita 71.3. Urefu haukimbii kama uzito, na sitegemei ukimbie.

Baba nilimkuta mwezi huo huo. Nakiri nilimsahau katika mpango mzima, kosa ambalo huwa nawakemea wengine. Alimwona mwanawe anakula muziri, akauliza upesi, "Na miiba?" Mama akamwonyesha jiwe. Akasaga mwenyewe, akapitisha unga kati ya vidole, akaridhika. Kisha akaniambia kwamba muziri mwingi wa mwaloni hununuliwa na wenye biashara ya chakula cha kuku, nao ndio anaowauzia. "Kuku wa Kampala wanakula kuliko mtoto wangu." Aliporudi ziwani aliacha kifuko kizima, na cha Januari kilifika kikiwa kimejaa pia.

Februari shule zilifunguliwa, na hili ndilo nililokuwa naliogopa, kwa sababu mpango wote ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa msichana ambaye alipaswa kuwa darasani. Muhula mzima uliopita hakukanyaga shule. Mama na bibi walikuwa wameshamaliza wenyewe: mtoto anashinda kwa bibi, mama anamchotea bibi maji jioni na kumpa maharage kila mavuno. Binti amerudi darasa la pili, na wenzake wamempita.

Nilipita saa saba. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mbele yake, kijiko mkononi, uji mzito. Kuku wake alikatiza uani na vifaranga. Mtoto akanyoosha kidole akasema, wazi kabisa, "Kuku."

Bibi akanitazama. "Haya, musawo. Mayai sasa lete, amekwisha kusema."